Gari Lililochemka Huku Likitupuliza Baridi

Harufu ya maji ya rejeta yanapochemka ina utamu fulani, kama sukari iliyoungulia kwenye sufuria, na mpaka leo naitambua popote. Nilikuwa na miaka kumi na moja majira yale ya baridi ya mwaka 2017, tukiishi nyumba ya kupanga Kensington, Johannesburg, yenye ua wa saruji kwa nyuma. Hapo ndipo lilipolala gari la baba, sedani nyeupe yenye mlango mmoja wa kijani, na hapo ndipo baba alipomalizia kila siku yake ya mapumziko, kichwa kikiwa ndani ya boneti. Ugonjwa wa gari lile haukueleweka. Likisimama kwenye roboti, ndivyo tunavyoziita huku taa za barabarani, lilichemka mpaka mvuke ukafuka. Likiondoka na kukimbia kidogo, hita ilitupuliza baridi ya kugandisha magoti. Nilijiuliza gari moja linawezaje kuumwa joto na baridi kwa pamoja, na hakuna mkubwa aliyekuwa na nafasi ya kunijibu.

Mama alikuwa mjamzito, siku zake zimekaribia, na Bibi, mama yake mama, alikuja kutoka Tanga kumlea mzazi. Alikuja na mabegi ya kanga, mdalasini na pilipili manga, na alikuja na hofu pia. Mwaka uliotangulia, kwenye baridi kama ile, mama alijifungua mtoto wa kike, Rehema. Aliishi wiki chache tu, kifua kikambana, tukamzika. Kwa hiyo safari hii Bibi aliweka sharti lake mapema: mtoto hatoki hospitali kuingia kwenye gari la baridi, na kama baba wa mtoto hawezi kumpatia joto, basi arobaini ikiisha yeye anarudi Tanga na binti yake na mjukuu wake. Kuhusu mimi hakusema neno. Nililala siku kadhaa bila kujua kama nami ni wa kuondoka au wa kubaki, na niliogopa kuuliza.

Kilichonivuruga zaidi ni kwamba Bibi na baba hawakusemezana. Hawakuwa wamegombana hata kidogo. Ilikuwa heshima ya mtu na mkwewe. Baba akiingia sebuleni Bibi alivuta mtandio, baba akainamisha macho, wakapeana shikamoo na marahaba, basi. Mengine yote yalipitia kwangu. “Zuhura, mwambie baba yako.” “Zuhura, mwambie Bibi.” Nami Kiswahili nilikielewa vizuri, ila mdomo wangu ulizoea Kiingereza na Kizulu cha shuleni, kwa hiyo nilikwenda mbio kutoka jikoni hadi uani nikirudia maneno kimoyomoyo yasije yakanidondoka njiani.

Baba hakuwa fundi. Alikuwa mlinzi kwenye jengo la ofisi kule Randburg, na ufundi wake aliuokota kwenye gereji ya mjomba wake Tanga na kwenye video za simu. Asubuhi moja ya barafu kwenye majani alinikalisha kiti cha dereva, injini inanguruma, akaniambia niwashe kiyoyozi. Dirisha la jikoni likafunguka. “Zuhura, mwambie baba yako, sisi tunaomba joto, yeye anawasha baridi?” Nilipeleka ujumbe kama ulivyo. Baba akacheka, akasema nimwambie Bibi kwamba kiyoyozi kikiwashwa, feni ya rejeta nayo lazima izunguke, na kama haizunguki ndiyo maana gari linachemka likisimama. Tukasikiliza. Kompresa ya kiyoyozi ililia ta, ikashika kazi, lakini feni ilikaa kimya. Baba akachomoa waya za feni akaiunganisha moja kwa moja na betri, nayo ikazunguka kwa nguvu mpaka ikapeperusha kitambaa. Feni nzima, fyuzi nzima. Mwisho akang'oa rilei yake, kiboksi cheusi kidogo kinachoipelekea feni umeme, akachomeka pale rilei ya honi iliyofanana nayo. Feni ikanguruma yenyewe. Baba akainua mikono, akanipa tano, kisha akabonyeza honi, kimya. “Eish,” akasema. “Sasa tuna feni, hatuna honi, na mji wenyewe ndio huu.” Kesho yake alinunua rilei mpya.

Nilidhani tumemaliza, kumbe wapi. Gari liliacha kuchemka, lakini hita ikawa mbaya kuliko mwanzo. Zamani angalau kwenye foleni ilitupa uvuguvugu kidogo. Sasa hata huo ukapotea, na mshale wa joto ulilala chini kabisa safari nzima. Baba alisafisha mabomba yanayoipelekea hita maji ya moto ya injini, akabadilisha maji, akaanza upya. Aliacha kucheka. Katikati ya hayo mama akashikwa na uchungu, jirani akamkimbiza hospitali, na tukapata mtoto wa kiume. Wangeruhusiwa kesho yake.

Alasiri ile Bibi alikuwa anatafuta majani ya chai. Akafungua kopo la juu kabisa kabatini, akakuta kidude cha shaba chenye springi. Nikatumwa kuuliza. Baba akajibu bila kuinua kichwa: ni thamostati, aliitoa alipolinunua gari, lilipochemka mara ya kwanza. Kule nyumbani Tanga mafundi wote huitoa, inaziba maji bure. Nikapeleka. Bibi akauliza kazi yake ni nini hasa. Nikarudi, nikaambiwa: huzuia maji ndani ya injini mpaka yapate moto. Nikapeleka na hilo. Bibi akakitwaa kile kidude mkononi. Kisha akafungua mlango wa jikoni, akasimama uani mtandio ukiwa mabegani, na kwa mara ya kwanza masikioni mwangu akamsemesha baba mwenyewe.

“Baba Zuhura, hapa ni Tanga?”

Nilitegemea baba acheke. Lilikuwa swali jepesi, hata mimi ningelijibu. Lakini aliweka spana chini taratibu, akaketi juu ya kreti, na uso wake ukabadilika mpaka nikaogopa. “Mama,” akasema, “Rehema alipanda gari hili.”

“Najua, mwanangu,” Bibi akasema. “Kirudishe mahali pake.”

Bibi mwenyewe ndiye aliyechemsha maji. Baba akaning'iniza kile kidude kwa uzi ndani ya sufuria, na sote watatu tukainama kukitazama. Maji yalipotokota kilifunguka. Baba alipokitoa kikapoa, kikajifunga. Kabla ya magharibi kilikuwa kimerudi ndani ya injini. Mshale ukapanda hadi katikati ukatulia pale. Kesho yake, nje ya hospitali, Bibi aliingia garini peke yake kwanza, akaweka kiganja kwenye tundu la hita, tukamngoja. Kisha akasema, “Mleteni.” Baba aliendesha huku machozi yakimtiririka. Mama alimuuliza ana nini, naye akaongeza hita.

Hawakuondoka, si mama wala mtoto. Miaka baadaye mama aliniambia kwamba daktari alisema mapafu ya Rehema yalizaliwa dhaifu, gari halikuhusika. Baba alikuwepo daktari akisema. Kama aliamini, mimi sijui, na sijui hata mimi mwenyewe naamini nini. Leo nina gari langu dogo. Likiumwa, nachomeka kifaa chini ya usukani na simu inaniambia ugonjwa papo hapo, bila mtoto wa kutumwa huku na huku. Bibi amezikwa Tanga. Asubuhi za Julai mdogo wangu Salim, yule aliyezaliwa baridi ile, husimama nje na begi la shule akinung'unika kwa Kiingereza kwamba tumechelewa. Hajui tunangoja nini. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba alikuwa na dada mwingine. Naweka kiganja kwenye tundu la upande wake. Kikipata joto, namfungulia mlango.