Ukuta wa Mkwe

Nyumba yetu mpya ya Buzuruga ina jiko la kisasa, maana yake fundi hakujenga ukuta kati ya jiko na sebule. Mume wangu, ambaye ndiye mpishi wetu, alilipenda jiko hilo kuliko alivyonipenda mimi siku ya harusi. Katika suala la ukuta, hakuna kati yetu aliyemkumbuka mama yangu.

Kwetu mama hali chakula mbele ya mume wa binti yake. Tulikokuwa tumepanga tulikuwa na chumba kimoja, kwa hiyo tangu niolewe mama alikuwa akija, anasalimia mlangoni, anakunywa maji, anarudi Usagara na njaa yake. Iliniuma sana. Nyumba kubwa niliitaka kwa jambo moja tu, mama ale kwangu.

Jumapili ya kwanza akaja. Akamwona mkwewe amesimama jikoni na aproni, akajifunika kanga usoni.

"Ukuta uko wapi?"

Nikamwambia ndio mtindo wa siku hizi.

"Mtindo wa watu wasio na wakwe," akasema, na mkono ukaenda kwenye mkoba, tayari kuondoka.

Nilikimbia chumbani nikarudi na shuka la maua, nikalitundika kwenye kamba kutoka dirishani hadi nyuma ya friji. Mama akakaa huku, mume wangu kule. Ugali na sato wa kukaanga vikapita chini ya shuka, na nyuma yake chupa ya divai ya Dodoma tuliyoitunza kwa ajili ya kuhamia. Bilauri zilikuwa bado kwenye maboksi, nikammiminia kwenye kikombe cha chai. Mama akaonja kidogo, akatulia, akasubiri.

"Unasubiri nini, mama?"

"Mkate."

Nikamweleza kwamba hii si ya kanisani.

"Basi ongeza."

Baada ya hapo akataka kuzungumza na mkwewe, lakini kupitia kwangu.

"Mwambie sijasikia shikamoo."

"Mwambie mama shikamoo," sauti ikatoka nyuma ya maua.

"Mwambie marahaba."

Nikawa mkalimani wa Kiswahili kwa Kiswahili, na samaki wangu akapoa. Mara feni ikalipeperusha shuka. Mama akarudi ndani ya kanga, mume wangu akajikinga uso kwa mfuniko wa kikaango. Ni mimi peke yangu niliyebaki na uso. Nikalifunga shuka upya kwa hasira.

Mama alikula mpaka miiba ikabaki myeupe.

"Mwambie mkwe wangu, binti huyu nimemzaa mimi, hata yai linamshinda. Mwambie asante kwa samaki."

Kule nyuma ya shuka mume wangu akapenga kamasi. Akaniambia nimwambie mama kwamba wiki hii atamwita fundi ajenge ukuta.

Mama alikuwa ameshasimama, mkoba begani.

"Mwambie aache. Ukijengwa nitamsikiaje? Shuka linatosha. Jumapili nakuja."