Dada wa Mapokezi Aliyeomba Afungiwe Folda

Zahanati nzima ilimwita Dada Mapokezi, na hata akikutana na wagonjwa sokoni walimwita hivyo hivyo. Alikuwa na sauti nzito na kicheko cha karibu. Alijua nani anaogopa sindano, na nani akichelewa kuitwa huanza kupiga miayo kwa kelele ili daktari amsikie kule ndani.

Kazi yake kwenye kompyuta ilikuwa kuandika miadi, basi. Lakini zahanati iliponunua kisanduku cheusi cha kuhifadhia mafaili, ili kompyuta zote zisome mahali pamoja kupitia mtandao, fundi alikuwa na haraka zake. Alimfungulia kila mtu kila kitu. Juu folda ya miadi, chini yake folda ya picha za ultrasaundi. Asubuhi moja Dada Mapokezi alibonyeza ya chini kwa bahati mbaya, na jina la kwanza lililotokea lilikuwa la wifi yake, mke wa kaka yake.

Angeweza kuifunga. Badala yake alibonyeza jina, akaisoma ripoti mpaka mwisho. Mimba changa.

Walikuwa wanaishi nyumba moja: mama, kaka, wifi na yeye. Mimba mbili za wifi zilikuwa zimeharibika huko nyuma, na kila mara majirani waliokuja kupongeza ndio hao hao waliorudi kutoa pole. Dada Mapokezi akatazama tarehe ya kipimo. Wifi alikuja siku ambayo yeye yuko mapumzikoni.

Hakumwambia mtu yeyote. Alijisifu kimoyomoyo kwa hilo. Jioni, wifi alipoinama bombani kunyanyua ndoo, Dada Mapokezi aliruka kutoka kibarazani akamnyang'anya.

"Tangu lini unanibebea maji?" wifi akauliza.

"Leo nimejisikia tu."

Mama alicheka akiwa mlangoni. "Makubwa! Huyu hata glasi yake haoshi!"

Wifi hakucheka. Alimfuata mpaka jikoni, akasimama karibu naye.

"Umeona, siyo?"

Dada Mapokezi akaweka ndoo chini. "Nimeona, wifi. Nisamehe."

"Nilitaka nikae nayo mimi kwanza. Nizoee. Hata kaka yako sijamwambia." Hakufoka. Alichukua kikombe chake akatoka, na kwa siku kadhaa akawa anamjibu kwa adabu, kama anavyojibiwa mgeni. Hilo lilimuuma Dada Mapokezi kuliko kugombezwa. Akawaza pia juu ya wale wanawake wengine waliojipanga kwenye folda ile, ambao wasingejua kamwe kwamba wamesomwa.

Akampigia fundi.

"Nataka unifungie folda ya picha. Kompyuta yangu isiifungue kabisa."

"Watu wote hunipigia niwafungulie. Wewe unataka ufungiwe?"

"Ni mambo ya wifi, fundi."

"Wifi? Mbona mtandao wenu uko sawa, nauona kutoka huku."

"Wifi yangu! Mke wa kaka!"

Fundi alicheka mpaka akagundua anacheka peke yake. Daktari mkuu alipoulizwa alikubali haraka, kwa aibu ya mtu aliyekumbushwa jambo alilopaswa kulifikiria mwenyewe. Kufikia mchana kompyuta ya mapokezi ilikuwa imekataliwa. Ukiibonyeza folda ile, unajibiwa huna ruhusa.

Siku ya wifi kurudi kupimwa, Dada Mapokezi alikuwa kazini. Walisalimiana kwa macho. Wifi aliingia chumba cha kipimo, akakaa, kisha akatoka ameuziba mdomo kwa mtandio, machozi yanamtiririka, akapita bila kugeuka.

Dada Mapokezi alibaki ameshika kalamu. Akaibonyeza folda, kama mtu anavyotikisa kufuli anayojua imefungwa.

Ikafunguka.

Jina la wifi lilikuwa pale juu. Mgonjwa aliyekuwa dirishani alikuwa akieleza jambo, yeye hasikii neno. Kubonyeza mara moja tu, angejua alie au afurahi. Akaifunga folda, akavuta simu.

"Fundi, mlango wako uko wazi."

Fundi alikuja mwenyewe. Kumbe alikuwa amezuia namba ya kompyuta ile kwenye mtandao, na umeme ulipokatika asubuhi na kurudi, kompyuta ikapewa namba mpya, isiyozuiwa. "Kosa langu," alisema. Safari hii akageuza mpango: akazipa kompyuta mbili, ya chumba cha kipimo na ya daktari, namba zisizobadilika, akaziruhusu hizo tu. Nyingine zote nje.

"Na wewe ulichungulia?" akauliza.

"Nilitamani," akasema Dada Mapokezi. "Andika risiti yako uende."

Nyumbani hakuuliza. Akawa anamtupia wifi jicho la wizi kila anapopita, asipate chochote. Yakaenda hivyo mpaka Jumapili, wifi alipobisha chumbani kwake na kuketi pembeni mwa kitanda.

"Kaka yako nimemwambia. Mama naye anajua. Umebaki wewe."

"Niambie."

"Usijifanye. Kwani hukufungua kompyuta yako?"

"Nimefungiwa. Niliomba mwenyewe. Nilikuona unalia, wifi, nikabaki na hofu yangu."

Wifi alimtazama usoni, akipima kama ni kweli. Kisha uso ukamlegea.

"Nililia kwa sababu yule mwanamke wa kipimo alinisikilizisha moyo wa mtoto," alisema. "Unapiga mbio, wifi! Akaniuliza mbona nalia, nikamwomba anisikilizishe tena." Akapandisha miguu kitandani, akasogea kumpa mwenzake nafasi. "Kaa vizuri, nikuhadithie tangu mwanzo."

Dada Mapokezi akakaa, akauliza kila swali.