Ndege za Ndani ya Mwamba wa Tororo

Ndani ya Mwamba wa Tororo kulikuwa na ndege za kivita. Nililijua hilo kama ninavyolijua jina la mama yangu. Upande wa machweo kulikuwa na mlango wa jiwe unaofunguka kwa umeme, na ndege zilitoka mojamoja, taa zimezimwa. Zile ngurumo za Tororo, ambazo wageni huzisingizia mvua, zilikuwa injini zikipashwa moto.

Aliyenieleza ni mkaanga chapati wa Tororo, mtu mzima mwenye watoto na kanisa.

"Kila asubuhi napeleka kikapu ya chapati chini ya ile jiwe," aliniambia. "Naacha. Nikirudi, kikapu iko tupu na pesa iko ndani. Sasa wewe umesoma. Jiwe inakula chapati?"

Nilikuwa mhitimu wa masomo ya jioni, na kwa miaka yote ile hakuna mwalimu aliyegusia chakula cha mawe.

Nusu ya pili ya habari niliipata kwetu Busia, kwenye chumba cha kompyuta kilichokuwa zamani kibanda cha video. Huko kulikuwa na mchezo wa kurusha ndege za kivita. Usidhani ni ule wa kubonyeza ovyo na kulipua kila kitu. Huu, kuwasha injini peke yake kulitaka subira ya mtu anayesubiri pasipoti. Ilijulikana kwamba kompyuta zile zilituma habari za kila mrushaji moja kwa moja hadi ndani ya mwamba, na kwamba atakayeshinda mashindano ya mchezo huo kule Tororo angefunguliwa mlango. Nilipomuuliza mwenye chumba kama ni kweli, alisema, "Mimi nauza umeme na viti, basi." Ndivyo hasa angesema mtu aliyeamriwa kunyamaza.

Wakati huo kazi yangu ilikuwa kuvusha mizigo mpakani kwa baiskeli. Nimebeba magunia ya maharage yenye uzito wa mbunge. Nimebeba nyanya, magodoro, na siku moja kabati lenye kioo, ambamo nilijiona nikihema njia nzima. Kazi hiyo ndiyo iliyonifanya kuwa rubani. Mwenye gunia nyuma hakati kona kwa nguvu, maana kona kali hula mwendo, na mwendo ukishaliwa utautafuta kwa mapaja yako mwenyewe. Ukiuona mlima, unauingia na kasi uliyotoka nayo bondeni. Ukifika juu umechoka, lakini una mteremko mbele yako, na mteremko ni mali.

Ndege ya kivita ni hivyo hivyo. Vijana wengine wakimwona adui walivuta usukani mpaka kiti kinalia. Ndege iligeuka vizuri sana, kisha ikabaki inaelea mbele yangu kama nguo kwenye kamba. Mimi nilipoona nitampita adui kwa kasi, sikukunja kona. Nilipanda juu, nikauweka mwendo wangu kule kama mtu anavyoweka akiba, nikamwacha amalize kugeuka, kisha nikashuka nyuma yake. Rada ikinitafuta, nilijibanza nyuma ya vilima, kama tunavyojibanza upande wa kivuli wa lori siku maaskari wakiwa na hasira. Niliwaangusha watu wengi kiasi kwamba, kama ndege zile zingekuwa za kweli, Busia nzima ingeezekwa upya kwa mabati yake.

Sasa, kulikuwa na dada mmoja kutoka Mulanda, nje ya mji wa Tororo, mwalimu wa shule ya msingi. Tulisoma wote darasa la jioni. Alikaa mbele yangu na alikuwa akigeuka kunisahihishia hesabu bila kuombwa, na polepole nikaanza kukosea makusudi. Tulikuwa tumekubaliana kuoana. Kilichobaki ni mimi kufika kwao, nikae mbele ya baba yake na ndugu zake, wanione ninavyokula na ninavyojibu. Siku ya kwanza waliyoipanga sikufika, kwa sababu ya mazoezi. Siku ya pili ikaangukia Jumamosi ya mashindano.

"Jumamosi nina shughuli Tororo asubuhi," nilimwambia.

"Shughuli gani?"

"Ndege."

Alinitazama kama anavyotazama daftari lenye mafuta. "Utamaliza saa ngapi?"

"Inategemea adui."

"Mbuzi ameshachaguliwa. Mbuzi hamtegemei adui." Akaweka mkoba wake begani. "Sikiza. Siku ya kwanza baba alisema labda umeugua. Usipofika mchana wa Jumamosi, hatapanga siku ya tatu, na mimi sitamwomba apange."

Habari ya mwamba sikumwambia. Ilikuwa siri ya nchi. Hesabu yangu, ambayo yeye hakupata nafasi ya kuisahihisha, ilikuwa hivi: asubuhi nitashinda, mlango utafunguka, na mchana nitaingia Mulanda nikiwa rubani. Baba mkwe gani angemkataa rubani?

Mashindano yalifanyika kwenye ukumbi mmoja mjini Tororo. Watu wa Busia tulikuja kundi zima, tukakaa upande mmoja kama wakwe. Niliwashinda wa mwanzo bila jasho. Kwenye fainali nikakutana na mwanafunzi kutoka Busitema, kijana mpole mwenye miwani, aliyenisalimia kwa mikono miwili kabla ya kuketi.

"Mzee, mpigie kengele apishe," watu wa Tororo walinitania, maana habari za baiskeli yangu zilikuwa zimenitangulia.

"Ngoja aone keria ya nyuma ya baiskeli ikimpita," wetu mmoja akawajibu.

Mwanafunzi yule alijua ndege yake. Alinirushia kombora la kwanza tukiwa mbali. Nikamgeuzia ubavu, nikashuka hadi karibu na miti, likapotea. Tukakaribiana, tukapishana, yeye akageuka kwa nguvu. Mimi nikapanda. Niliona mwendo wake ukimwisha, nikashuka nyuma yake na kasi yote ya mlima. Alikuwa chini, mzito, hana pa kwenda isipokuwa mbele. Upande wetu wa ukumbi watu walianza kufunga vifungo vya makoti kama watu wanaojiandaa kupigwa picha.

Akakimbia kuelekea mto uliokuwa kwenye ramani ya mchezo. Kando ya mto huo walikuwa wamechora mstari wa vidotidoti.

Akauvuka.

Nikapunguza mwendo.

Sijui nieleze vipi kwa mtu asiyefanya kazi mpakani. Mkono wangu wenyewe ulirudisha injini nyuma. Miaka yote ile, nikiona mstari ule nimeshuka baiskeli, nimeisukuma taratibu, nimesubiri mkono wa askari uniambie pita. Hata njia za vichochoroni tuna mahali petu pa kusimama na kuchungulia. Basi nikasimamisha ndege ya kivita angani, kwa kadiri ndege inavyoweza kusimama, nikasubiri kupungiwa mkono.

"Umesimama nini?" mwenye chumba chetu cha kompyuta alinong'ona nyuma yangu.

"Mpaka."

"Mpaka gani?"

"Ule."

Mwanafunzi alipata muda wote anaouhitaji mtu kurudisha mwendo wake. Akazunguka kwa utulivu, akanielekea, akaachia kombora. Nilitakiwa kubonyeza kitufe cha kutupa mioto ya kulidanganya. Mkono wangu ulikuwa mfukoni mwa shati, unatafuta kitambulisho.

Ndege yangu ikalipuka. Kisha mzee mmoja wa Busia, mvushaji mizigo kama mimi, akasema, "Hapana. Amefanya sawa. Hata mimi ningesimama." Wenzetu wakaitikia kwa vichwa. Watu wa Tororo walicheka mpaka mmoja akaomba maji. Mwanafunzi akanipa mkono tena, akaniuliza kwa heshima kama injini ilikuwa imepata hitilafu. Nikamwambia ndiyo.

Wakati huo bado ningewahi Mulanda. Hilo nalijua. Lakini nilijiambia kwamba kule ndani ya mwamba wana rekodi yangu yote, wameona nilivyopanda, na huenda wakamchukua na mshindi wa pili. Tena ningefikaje kwa wakwe mikono mitupu, nimeangushwa na mtoto wa miwani? Kwa hiyo nikaenda kusimama chini ya mwamba, upande wa machweo. Nikafunga kifungo cha juu cha shati. Jua lilinichoma mpaka nikahisi nikikaangwa pamoja na chapati. Kila ng'ombe aliyepita nilimpisha, asije akaziba mlango.

Nikasikia pikipiki ikizimwa nyuma yangu. Alikuwa mchumba wangu, nyuma ya dereva, amevaa gauni la wageni na kilemba, vumbi la njia ya Mulanda limemfika kwenye nyusi.

"Mkaanga chapati ameniambia uko huku," alisema. "Unafanya nini?"

Nikamweleza. Nilimweleza yote: mlango, injini, ngurumo, kompyuta, kikapu kinachobaki kitupu. Nilipofika kwenye mstari wa vidotidoti, dereva wa pikipiki alitazama pembeni. Yeye alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwenye hesabu.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Juu ya huo mwamba kuna minara ya simu," alisema. "Minara ina walinzi. Asubuhi wanashuka, wanachukua chapati zao, wanaacha pesa. Ngurumo ni mvua. Ndani ya jiwe ni jiwe." Akasogea mbele kwenye kiti, akapiga nafasi iliyobaki nyuma yake kwa kiganja. "Baba bado hajanawa mikono. Panda."