Nilivyomsomea Bi Zuhura barua ya Kiingereza, nikamwambia mumewe anarudi

Wakuu, habari za humu ndani. Wa kunizidi umri kwenye jukwaa hili sidhani kama yupo, kwa hiyo marahaba zenu nyote.

Nimeona vijana wanabishana huko kuhusu simile na metaphor. Nikakumbuka jambo ambalo sijawahi kulisimulia hadharani. Lilinikuta mimi mwenyewe, na sitaongeza chumvi.

Ilikuwa miaka michache kabla ya Uhuru. Nilikuwa darasa la saba, middle school, hapa hapa Mwanza. Tulikaa Kirumba.

Jirani yetu alikuwa Bi Zuhura, mpika vitumbua. Hakujaliwa mtoto, hivyo mimi nilikuwa kama wake. Mumewe, Mzee Idi, alikuwa fundi wa vitanda, mtu mpole sana.

Mzee Idi akaugua tumbo. Akapelekwa kwa meli mpaka Uganda, kwenye hospitali kubwa. Bi Zuhura akabaki anasubiri habari.

Ikaja barua. Kiingereza kitupu.

Mtaani kwetu msichana aliyejua Kiingereza nilikuwa mimi tu. Jamani, nilivyojiona! Nikakaa kwenye kigoda, nikakohoa kama karani, nikaanza.

Barua iliandikwa na nesi wa Kizungu. Alisema anaandika "with a heavy heart". Nikamwambia Bi Zuhura kwamba nesi ana moyo mzito.

"Maskini," akasema, "kumbe naye anaumwa."

Ikafuata: "Your husband went peacefully to his rest." Sasa mimi neno rest nililijua kutoka kwenye rest house, ile nyumba ya serikali wanayofikia mabwana shauri, wale maofisa wa mkoloni, wakiwa safarini. Nikatafsiri bila kusita: mumeo ametoka hospitali salama, wamempeleka rest house apumzike.

Mwisho ikasema vitu vyake vitafuata kwa meli. Nikajua na mwenyewe yumo.

Bi Zuhura alinikumbatia mpaka kitambaa changu cha kichwa kikadondoka.

Msinicheke. Najua na sisi tunasema "ametutoka", tunasema "amelala". Lakini sikuwaza kwamba Wazungu nao wanaogopa kulitaja hilo neno. Nilidhani Kiingereza ni kama hesabu, kila neno na jibu lake.

Siku zilizofuata zilikuwa za furaha pale nyumbani. Bi Zuhura alipaka chokaa ukuta wa mbele. Akafua shuka. Akapaka hina mikono na miguu. Meli ilikuwa ifike Ijumaa.

Alhamisi asubuhi, mwalimu wa Kiingereza akaandika ubaoni: Figures of Speech. Akapita simile, akapita metaphor, hyperbole, tukacheka. Akafika euphemism. Akasema ni kusema jambo zito kwa maneno laini, kisha akaandika mfano:

He went to his rest = He died.

Wakuu, sikusikia tena kitu. Niliona tu ile alama ya sawasawa.

Nikaomba ruhusa, naumwa. Sikudanganya sana. Nilikimbia mpaka nyumbani, nikamkuta Bi Zuhura anachambua mchele wa kesho.

Mama yangu hakuwepo. Nilitamani kumsubiri aseme yeye. Lakini nikamfikiria Bi Zuhura amesimama bandarini na ile hina yake, anatazama watu wanashuka mmoja mmoja, na mwisho anakabidhiwa furushi.

Nikapiga magoti. "Mama, ile barua niliisoma vibaya."

"Haji kesho?"

"Haji, mama. Mzee amekufa. Wao kule wanaita kupumzika. Mimi sikujua."

Aliendelea kuchambua mchele. Punje, punje. Halafu akaweka ungo chini, akageuza viganja vyake akaiangalia hina.

"Nipo kwenye eda," akasema taratibu, "na nimejipamba kama bibi harusi."

Kisha akalia. Nililia naye mpaka mama akarudi, akatukuta pale chini.

Shehe alimtuliza, kwamba asiyejua hana kosa, na siku za eda zinahesabiwa tangu mume alipokufa. Mimi hakuna aliyenigombeza. Ningeona afadhali wangenigombeza. Wiki tatu sikuweza kumtazama usoni, nilipita nyuma ya nyumba.

Mpaka akaniita mwenyewe.

"Chukua kalamu. Tumjibu yule nesi. Mshukuru kwa kumtunza mume wangu. Mwulize ni akina nani waliomzika."

Nikaandika kwa hati nzuri. Nikataka nionyeshe nimejifunza, nikaweka "my husband's rest".

Akaniuliza, "Hapo umeandika nini?"

Nikamwambia.

"Futa. Andika amekufa. Hayo maneno yao laini yalinipeleka mbali."

Nikafuta. Jibu lilirudi baada ya mwezi: Waislamu wa mji ule ndio waliomwosha na kumzika. Safari hii nilisoma kila mstari mara mbili kabla ya kufungua mdomo. Bi Zuhura akashusha pumzi, akaniwekea vitumbua kwenye sahani.

Uhuru ulipofika nilikuwa chuo cha ualimu. Nikafundisha Kiingereza miaka mingi, na kila nilipofika euphemism niliwaambia wanafunzi: jueni kwanza nani atayasikia hayo maneno.

Bi Zuhura alizeeka nyumbani kwangu. Ndugu zake wa Tabora niliwaandikia mimi mwenyewe, kwa Kiswahili: "Bi Zuhura amekufa leo asubuhi. Nilikuwa nimemshika mkono."

Nilichojifunza ni kwamba maneno laini yana utu wake, lakini mtu anayengoja mlangoni anastahili neno moja linaloeleweka.

Haya, uwanja ni wenu. Kuna aliyewahi kupewa habari kubwa kwa kuzungushwa? Ulipenda, au ungetaka uambiwe moja kwa moja? Nitasoma zote, ingawa macho yangu yanakwenda polepole.