Bega Likahamia Gotini

Mwili wangu ni mhuni. Asubuhi maumivu yako begani, mchana yamehamia gotini, jioni yamepanda kwenye taya kama mgeni asiyejua chumba chake. Shuka likinigusa tu, naruka. Nilipimwa damu, nikapigwa picha za mifupa, na kila karatasi ilirudi ikisema ni mzima. Na huku kwetu Kalama, mtu mzima asiyeinua jembe huitwa mvivu.

Daktari mmoja mjini Machakos ndiye aliyenikomboa. Alisema ni fibromaljia, ugonjwa wa maumivu ya mwili mzima yasiyoonekana kwenye vipimo, tena haikuja peke yake, imekuja na sonona: ule uzito wa moyo ulionikalisha miezi bila kufungua dirisha. Hayo mawili huchocheana, akasema. Maumivu yananinyima usingizi, moyo unazama, na moyo ukizama mwili unauma zaidi. Wala sisingizii. Wengine wakiambiwa wana ugonjwa hulia. Mimi nilicheka mpaka muuguzi akachungulia mlangoni.

Furaha hiyo ilinifikisha nyumbani, ndipo nikakumbuka mwethya, ile kazi yetu ya kusaidiana kwa zamu. Kikundi chetu cha akina mama huzunguka shamba kwa shamba kikichimba fanya juu, ile mitaro ya kuzuia mvua isibebe udongo, na zamu yangu ilikuwa imefika. Mwenye shamba huchimba wa kwanza, mbele ya wote. Asipochimba, zamu yake haihesabiki na kikundi hakirudi kwake. Shamba langu liko kwenye mteremko mkali, na bila mwethya mvua ingelishusha lote mtoni. Nami wakati huo hata sufuria ya ugali ilikuwa imenishinda.

Mwenyekiti wa kikundi ni mama mkwe wangu. Namwita mwaitu, kama mwanawe anavyomwita. Alikuwa ameshaniambia kwamba huzuni ni ya watu wa mjini walio na viti vya kukalia.

Siku ilipofika walijipanga na majembe wakinitazama. Nilikuwa nimejiandaa kueleza kwa heshima, kwa maneno ya daktari, lakini mdomo ukaniponyoka nikaanza kuimba. Ulikuwa wimbo wetu wa kazi, ila maneno niliyageuza: leo bega, kesho goti, shuka limenichapa, na moyo umejifungia ndani ukalala na ufunguo. Kila mstari niliufunga kwa ile karatasi inayosema ni mzima.

Mmoja akaangua kicheko, mwingine akaitikia ile karatasi, na majembe yakaanza kupanda na kushuka. Nilivitaja viungo vyangu vyote, na vilipokwisha nikaingia kwenye vidole vya miguu, kimoja kimoja. Jirani yangu alicheka hadi akaketi mtaroni. Mimi nilikuwa kama mlevi, na sikuwa nimeonja hata tone. Bega liliuma muda wote huo, sitawadanganya, lakini kwa mara ya kwanza liliniuma mbele ya watu.

Tulipoketi kula muthokoi wa mahindi na maharagwe, mmoja akauliza kama zamu ya mtu ambaye hakushika jembe inahesabika. Wote wakamgeukia mwaitu. Hakuwa amegusa chakula chake.

"Huyo ameimba tangu asubuhi," akasema. "Imehesabika. Kuleni."

Nilikimbilia jikoni, ndiyo, nilikimbia na magoti yangu haya, nikicheka na kulia kwa pamoja. Mwaitu akanifuata, akarudisha mlango nyuma yake.

"Hiyo wimbo," akaniuliza kwa sauti ya chini, "ni nani alikuambia mambo yangu?"

Nikamwambia hakuna aliyeniambia, ni mambo yangu mwenyewe. Akasimama akijikanda bega, na nikatambua nimemwona akijikanda hivyo tangu nilipoolewa.

"Kliniki unarudi lini?"

"Jumanne, mwaitu."

Akasema basi nimpitie mapema, atakuwa amevaa vile viatu vya kanisani.