Koplo Ogutu na Suruali ya Uji

Saa kumi na mbili asubuhi, Koplo Maxwell Ogutu amesimama kando ya kitanda chake katika kambi ya jeshi upande wa Karen, ameinua suruali ya gwaride hadi puani. Anainusa kiunoni, anainusa pindoni. Halafu analowesha kidole kwa mate, anakipitisha kwenye mstari wa pasi, na kukionja.

"Bwana, hiyo ni nguo ama ni chai?" anauliza Koplo Musembi wa kitanda cha pili.

Ogutu hacheki. Leo mkuu wa kikosi anakagua makoplo, na atakaoridhika nao wataenda kozi ya usajenti. Hapa kambini, sajenti mwenye familia hupewa nyumba. Mkewe Ogutu, Nanjala, anaishi Kangemi na watoto watatu katika chumba kimoja, bati linavujia kitandani, na mvua ya Aprili imeanza.

Mwaka jana, 2005, alikaguliwa hivi hivi. Askari hukaza suruali kwa wanga mpaka iwe kama ubao. Wanga ulimwishia siku moja kabla ya gwaride, akaenda jikoni kuomba uji uliobaki. Akauchuja kwa kitambaa, akaloweka suruali, akaianika, akaipiga pasi ya makaa taratibu.

"Ilisimama yenyewe, bila mtu ndani," anasema. "Nilijua nimewashinda wote."

Ambacho hakujua ni kwamba mpishi, Njuguna, alikuwa ameshatia sukari.

Jua lilipochoma uwanjani, sisimizi wakatoka nyasini. Amri ilikuwa asitikisike mtu.

"Walipita soksi, wakapita goti," Ogutu anakumbuka. "Nikawaambia kimoyomoyo, hapo panatosha, rudini. Wakaendelea."

Mkuu alipomfikia, Ogutu aliruka, akajipiga mapaja kwa mikono miwili, kofia yake ikaangukia viatu vya mkuu. Jina likakatwa, akachimba mitaro wiki nzima.

"Nilidhani ananificha kosa lingine," anasema Nanjala. "Nani anakosa kozi juu ya sisimizi?"

Njuguna naye bado anatetea sukari yake. "Mimi napika uji ya kunywa. Hakuna mtu aliniambia kuna suruali inangoja."

Saa tatu, makoplo wamejipanga. Mkuu anapita polepole. Akifika kwa Ogutu anasimama, anainama, anachunguza nyasi kuzunguka viatu vyake. Mstari mzima umebana kicheko, kwa kuwa atakayecheka ameanguka.

"Ogutu, leo uko peke yako?"

"Niko peke yangu, afande."

"Kozi, Jumatatu."

Baada ya gwaride anampigia Nanjala simu. Anamsihi asimwambie mtu kwanza. Kozi ni miezi mitatu, na kila mwaka kuna wanaorudi na ukoplo wao.

"Baba Awuor," Nanjala anasema, "mwenye nyumba nimeshamwambia asubuhi. Mwezi wa nane tunatoka, na chumba ameshampa mtu."

Ogutu anairudisha simu mfukoni, anatazama upande wa nyumba za masajenti, mahali ambapo hajawahi kuingia hata kuomba maji.

"Sasa hiyo kozi lazima niipite," anasema. "Nikianguka, mwezi wa nane nitakuwa koplo wa kulinda masufuria kando ya barabara."