Nilipeleka majivu ya mwenzangu Nashik, India, na sikuwaambia ndugu zake nilichokifanya

Admin, nakuomba usiweke jina langu wala la kampuni yetu. Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na nne, kwetu Singida, nimesoma mpaka darasa la saba. Nina mke na watoto watatu nyumbani. Huu ni mwaka wa sita niko Dubai, napakia mizigo kwenye ghala moja la Jebel Ali. Haya ninayoandika hata mke wangu hayajui.

Kazini nilikuwa na mwenzangu anaitwa Dinesh, Mhindi wa Nashik. Yeye anaendesha foklifti, ile mashine ya kunyanyulia mizigo, mimi nafunga mzigo kwa mkanda. Ghalani kuna kelele na sote tunaziba masikio, kwa hiyo nikimaliza kufunga napiga kofi mbili kwenye chuma cha nyuma ya mashine. Kofi mbili maana yake mzigo umefungwa, nyanyua. Miaka minne hakuwahi kugeuka kuhakikisha. Kwenye kambi ya wafanyakazi tulilala chumba kimoja, yeye kitanda cha chini, mimi cha juu. Akipiga simu kwao ananivuta nimsalimie mama yake kwa Kihindi nilichookota huku, na yule mama akaanza kuniita beta, yaani mwanangu, hata hajaniona kwa macho.

Mwaka jana wakati wa joto kali nilikuwa naunganisha zamu ya pili. Paleti, lile jukwaa la mbao lenye maboksi ya marumaru, iko mbele yangu, mkanda ninao mkononi. Sijui nilisinzia nikiwa nimesimama au vipi. Mkono ulipiga kofi mbili wenyewe kwa mazoea. Nilipozinduka mkanda bado ninao, na paleti imeshafika rafu ya tatu, imekwama, imeinama. Nikaita, hakusikia. Akashuka aangalie kilichokwama. Maboksi yakamwangukia. Akafia palepale.

Wachunguzi walipokuja kuhoji nilisema sikumpa ishara, alinyanyua mwenyewe. Aliyeniona ni mtu mmoja tu, Mkenya mhesabu mizigo, tunamwita Kevo. Alinivuta pembeni akaniambia, "Bro, khalas, yamekwisha. Huyo ashaenda, hawezi kufutwa kazi. Wewe uko na watoto." Ripoti ikaandikwa kwamba Dinesh alinyanyua mzigo usiofungwa kwa uzembe wake.

Mwili ulichomwa hukuhuku kwa desturi yao, kwa jinsi ulivyoharibika. Mama yake akaomba majivu yaletwe na mimi, si mtu mwingine. Nilitoa kila kisingizio, lakini wenzake wa kambini walishanitafutia tiketi na viza. Nikaenda nimepakata kile chombo cha shaba kama mtoto.

Nashik ni mji wa mahekalu, kila kona kengele inalia. Kuna mto una ngazi za mawe, watu wanatoka mbali sana kuja kuoga pale na kuwaaga wafu wao. Mimi ni Mwislamu, sikujua kama naruhusiwa hata kusogea. Nilitaka kukaa juu na viatu vyao. Mama akanishika mkono akanishusha mpaka maji yakafika magotini. Kuhani aliuliza mimi ni nani. Mama akamjibu, "Huyu ndiye aliyekuwa na mwanangu mpaka mwisho." Nikamwaga majivu pamoja na Nitin, mdogo wake Dinesh. Machozi yakanitoka, wakadhani ni uchungu wa msiba tu. Mama akanifuta uso kwa ncha ya sari yake.

Kesho yake Nitin alinipeleka nje ya mji, kwenye mashamba ya zabibu anakofanya kazi. Dinesh naye alikulia humo. Watalii walikuwa wanapiga picha, sisi tukaingia kati ya mistari ya mizabibu. Kazi yao ni kufunga matawi kwenye waya, moja moja, na kila fundo wanalivuta kuona kama limekaza. Nitin alikuwa anafunga huku anaongea, haniangalii. Akasema baba yao aliwachapa kwa fundo moja lililolegea. Akaniita bhai, yaani ndugu, akasema, "Kaka yangu asingenyanyua kitu hakijafungwa. Wewe ulikuwepo. Ilikuwaje?"

Nikamwambia hata mimi sielewi. Akavuta fundo, akahamia mti mwingine. Siku tatu zilizobaki hakuniuliza tena, na hilo ndilo linanitisha zaidi.

Sasa wiki iliyopita mama alipiga simu, ana furaha. Nitin amepata viza, anakuja Dubai, kampuni yetu hii hii, ghala letu hili hili. Ameomba mwenyewe. Mama akaniambia ananikabidhi, nimwangalie kama nilivyomwangalia kaka yake. Halafu Nitin akachukua simu, akasema taratibu anataka kusimama pale alipofia Dinesh, aonyeshwe kazi inavyofanyika, mwanzo mpaka mwisho. Supervaiza ameshampanga na mimi. Kitanda cha chini hakina mtu, atalala hapo.

Kevo ananicheka. Jana mbele ya watu aliniuliza, "Sasa huyu mpya nani atampigia kofi?" Wengine hawakuelewa.

Najua nikisema ukweli naweza kufungwa, na wanangu watalala njaa. Nikikimbilia nyumbani, nitakuwa nimekiri bila kusema. Nikinyamaza, itabidi nimfundishe kijana yule kuniamini, na mama yake ataendelea kuamini mwanawe alikufa kwa uzembe. Usiku namsikia akiniita beta.

Ndugu zangu, hasa mlio huku Ghuba na mnazijua sheria za hapa, msinitukane kwanza, nisaidieni. Ndege ya Nitin inatua Ijumaa saa nne asubuhi na nimeombwa nikampokee. Nimwambie palepale uwanjani, au nifanyeje?